Natalie Cole na miaka kumi na sita ya kuzikwepa nyimbo za baba yake

Usiku wa tarehe 25 Februari 1992, jijini New York, tuzo ya Grammy ya Wimbo Bora wa Mwaka ilikwenda kwa Irving Gordon, mtunzi aliyekwisha kuvuka miaka sabini, kwa wimbo alioutunga miaka arobaini nyuma. Wimbo huo ni "Unforgettable". Mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, Nat King Cole, aliurekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Ulioshinda usiku ule ni ule aliouimba "pamoja" na binti yake Natalie, na alama hizo za nukuu zina kazi yake: Nat alikuwa amefariki tangu 1965, na wawili hao hawakuwahi kusimama studioni kuuimba. Wimbo huohuo ukachukua pia Rekodi Bora ya Mwaka, tuzo ambayo haiendi kwa mtunzi bali kwa mwimbaji na watayarishaji, na albamu iliyoubeba, *Unforgettable... with Love*, ikawa Albamu Bora ya Mwaka.

Tangu hapo maisha ya Natalie Cole ya muziki yamekuwa yakisimuliwa kwa namna moja. Binti wa mfalme wa jazi alimkimbia baba yake, akaimba muziki wa vijana, dawa za kulevya zikamwangusha, mwishowe akarudi nyumbani akapokewa kwa shangwe. Ni hadithi tamu. Ina mpangilio wa mfano wa mwana mpotevu, na huenda ndiyo maana inapendwa. Lakini ukifuatilia albamu moja baada ya nyingine inaanza kuvuja. Jazi ilikuwamo katika sauti yake tangu mwanzo. "Nyumbani" kwenyewe hakukuwa nyumba ya jazi, si kwa wakati aliozaliwa yeye. Na swali la nani aimbe nini na auzwe kwa nani halikuamuliwa na moyo wa Natalie peke yake.

Tuanze na baba, kwa sababu Nat King Cole alikuwa kama wanamuziki wawili.

Wa kwanza ni mpiga piano. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akakulia Chicago, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti na mama aliyepiga kinanda kanisani. Mwaka 1937 huko Los Angeles aliunda kikundi cha watu watatu: yeye kwenye piano, Oscar Moore kwenye gitaa na Wesley Prince kwenye besi. Hapakuwa na ngoma. Hilo lilikuwa jambo la ajabu katika zama za bendi kubwa zenye tarumbeta na saksafoni tele, na lilimaanisha kwamba mapigo yote yabebwe na piano, gitaa na besi vikijibizana. Wapiga piano waliokuja baadaye, Oscar Peterson akiwa mmojawapo, walijifunza mengi hapo. Julai 1944, lilipofanyika mjini Los Angeles onyesho la kwanza la mfululizo wa Jazz at the Philharmonic, aliyekaa kwenye piano alikuwa Nat. Wakati huo watu wa jazi walimjua kwanza kwa piano yake.

Wa pili ni yule ambaye dunia nzima inamjua. Mwaka 1946 aliurekodi "The Christmas Song" na kikundi chake, kisha miezi michache baadaye akaurudia akiwa na fidla nyuma yake. Rekodi yenye fidla ndiyo iliyouzwa. Ikafuata "Nature Boy" mwaka 1948, halafu "Mona Lisa" mwaka 1950. Kidogo kidogo Nat aliinuka kwenye kiti cha piano, akasimama mbele ya okestra akiwa mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, na wahakiki wa jazi wakanung'unika kwamba amekiuza kipaji chake. Kampuni yake, Capitol Records, haikunung'unika. Jengo lake la mviringo lililofunguliwa Hollywood mwaka 1956 watu walilibatiza jina la nyumba iliyojengwa na Nat.

Kuhama huko hakukuwa suala la ladha au fedha tu. Mwimbaji mweusi wa Marekani aliyeingia katika muziki wa pop miaka ile alikuwa akiingia mahali alipouzwa bila kukaribishwa. Nat aliponunua nyumba Hancock Park, mtaa wa matajiri weupe wa Los Angeles, mwaka 1948, majirani walimtumia ujumbe kwamba hawataki watu wasiofaa wahamie pale. Akawajibu kwamba hata yeye hawataki, na akimwona mmoja atakuwa wa kwanza kulalamika. Aprili 1956 alivamiwa jukwaani huko Birmingham, Alabama, akiwa anaimba mbele ya hadhira ya weupe watupu. Mwishoni mwa mwaka huohuo NBC ilimpa kipindi chake cha televisheni. Kilitazamwa, wasanii wakubwa walijitokeza, lakini hakuna kampuni iliyokubali kukidhamini nchi nzima, na Desemba 1957 kikaisha.

Natalie alizaliwa tarehe 6 Februari 1950. Zihesabu hizo tarehe utaona kwamba yule Nat mpiga piano, anayeabudiwa na watu wa jazi, alikuwa karibu amekwisha kujiuzulu kabla binti yake hajajifunza kusema. Baba aliyemjua yeye ni nyota wa pop aliyevaa suti nzuri na kusindikizwa na okestra. Kwa hiyo anaposemwa kwamba aliiacha jazi ya baba akakimbilia pop, inafaa kukumbuka ni nani aliyefanya hivyo kwanza.

Upande wa mama nao ulikuwa wa jukwaani. Maria Hawkins aliwahi kuimba na okestra ya jazi ya Duke Ellington. Aliwahi pia kutumia jina la Ellington, lakini hilo lilitokana na mume wake wa kwanza, marehemu rubani wa kijeshi ambaye hakuwa ndugu wa Duke. Yeye na Nat walifahamiana wakati wote wawili wanatumbuiza katika klabu moja jijini New York iliyoitwa, amini usiamini, Zanzibar. Walifunga ndoa Harlem mwaka 1948, na Maria akaiweka kazi yake kando. Ndugu watatu wa Nat, yaani Eddie, Ike na Freddy, wote walikuwa wanamuziki. Freddy, mdogo wao, aliimba na kupiga piano hadi uzeeni, kwa sauti inayofanana mno na ya kaka yake, na kuna albamu yake ambayo jina lake linasema wazi kwamba yeye si kaka yake bali ni yeye. Mtu haiti albamu hivyo bila kuchoshwa na swali.

Natalie aliimba na baba yake akiwa mtoto mdogo. Nat alipofariki kwa saratani ya mapafu, Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 45, binti yake alikuwa ametimiza kumi na mitano siku tisa tu kabla. Alisoma shule ya bweni huko Massachusetts, kisha Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, akahitimu mwaka 1972 katika saikolojia ya watoto. Kuimba kulianza kama kazi ya pembeni, katika vilabu vidogo na bendi ya wenzake.

Hapo ndipo jina la Cole lilipoonyesha tabia yake halisi. Kwa kawaida tunadhani jina kubwa ni ufunguo. Kwa Natalie lilifungua mlango wa mbele na kumfungia wa ndani. Wenye vilabu walimpa nafasi upesi kwa sababu walijua bango lenye jina la binti wa Nat King Cole litaleta watu. Watu wakaja: wazee wa umri wa baba yake, wakitazamia "Mona Lisa". Wakakutana na msichana wa chuo aliyekulia katika miaka ya sitini, anayeimba soul na roki. Hadhira iliyoitwa na jina haikuwa hadhira ya muziki wake, na hadhira ya muziki wake haikuwa na sababu ya kulijali jina hilo. Kuimba nyimbo za baba kungewaridhisha waliokuwapo ukumbini, lakini kungemfanya ukumbusho unaotembea, akiwa na miaka ishirini na mbili. Akakataa. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa kibiashara zaidi kuliko wa kihisia, na ulikuwa sahihi.

Njia ilipatikana Chicago, mji uleule uliomlea baba yake. Huko alikutana na Chuck Jackson na Marvin Yancy, watunzi na watayarishaji wa kikundi cha The Independents. Yancy alikuwa pia mtu wa madhabahuni, na piano yake ilitoka moja kwa moja kwenye muziki wa injili wa makanisa ya weusi. Walirekodi katika studio ya Curtis Mayfield, Curtom. Kampuni kadhaa ziliwakataa. Iliyokubali, kwa kejeli ya aina yake, ni Capitol, kampuni ya baba. Albamu ya *Inseparable* ilitoka mwaka 1975, na wimbo wa "This Will Be" ukafika nambari sita katika chati kuu ya Billboard, jarida la biashara ya muziki la Marekani, na nambari moja katika chati ya R&B.

Mwaka uliofuata Natalie alipata Grammy mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Msanii Bora Mpya, na alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Ya pili ilikuwa ya mwimbaji bora wa kike wa R&B, na hii ndiyo iliyowashtua watu wa muziki, kwa sababu tangu 1968 tuzo hiyo ilikuwa imekwenda kwa Aretha Franklin, malkia wa soul, kila mwaka, miaka minane mfululizo. Kulinganishwa na Aretha kukaanza hapo na hakukuisha. Ushindi ule ulitosha kumwondoa kwenye kivuli cha baba, ila ulimweka kwenye kivuli kingine.

Sasa, kwa nini R&B? Jibu la haraka ni kwamba ndivyo alivyoimba. Ni kweli kwa sehemu. Lakini neno lenyewe, kifupi cha rhythm and blues, lina historia. Hadi 1949 Billboard ilikuwa na chati iliyoitwa ya "rekodi za rangi", yaani rekodi za weusi kwa ajili ya weusi. Mwaka huo ikaibadilisha jina kuwa rhythm and blues. Jina lilibadilika, mantiki haikubadilika sana: chati ilieleza rekodi inauzwa katika maduka ya mtaa gani na kupigwa na redio za nani, kabla ya kueleza inasikikaje. Mwimbaji mweusi aliyetoa albamu mwaka 1975 aliingizwa katika idara hiyo ya kampuni, akapewa maofisa wa idara hiyo na bajeti ya idara hiyo, na akivuka kwenda pop ilikuwa ni ziada. Kwa hiyo tunaposema Natalie alichagua R&B, tukumbuke kwamba kati ya milango iliyokuwapo, huo ndio uliokuwa wazi kwake.

Ndani ya mlango huo aliingia na jazi mfukoni. Sikiliza albamu yake ya pili, *Natalie*, ya mwaka 1976. Katika "Mr. Melody" anaacha maneno na kuimba silabi zisizo na maana, sauti ikirukaruka kama ala ya kupuliza, wanajazi huita skati, na ni ufundi ambao Ella Fitzgerald aliufikisha kileleni. Haujifunzwi kwa wiki moja. Katika albamu hiyohiyo kuna "Good Morning Heartache", wimbo wa miaka ya arobaini unaohusishwa na mwimbaji wa jazi Billie Holiday. Hakuna aliyemlazimisha kuuweka, na haukuwa wa kuuzia redio. Lakini tazama alichokifanya: alichagua wimbo wa zama za baba yake usiokuwa wa baba yake. Jazi aliichukua. Alichokikwepa ni orodha ya nyimbo za mtu mmoja, jambo ambalo wasimuliaji wengi hawalioni.

Mwaka 1977 ulikuwa wa mavuno. Albamu mbili, *Unpredictable* na *Thankful*, zote zikafika platinamu, yaani mauzo ya nakala milioni moja, na "I've Got Love on My Mind" ukapanda hadi nambari tano. Alikuwa ameolewa na Marvin Yancy mwaka 1976, na mwana wao Robert akazaliwa 1977. Ndoa ilivunjika 1980.

Kuhusu dawa za kulevya nitasema machache, maana yeye mwenyewe alisema mengi katika kitabu chake cha maisha cha mwaka 2000. Heroini na kokeini zilikuwapo tangu kabla ya umaarufu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini zilikuwa zimemla. Mwaka 1983 aliingia kituo cha kutibu uraibu cha Hazelden, Minnesota, akakaa takriban miezi sita. Kwa upande wa kazi, pigo hilo lilikuwa na matokeo yasiyotarajiwa: lilimkata na kampuni, na timu, na sauti ya studio ya miaka ya sabini. Aliporudi hakuwa na mtindo wa kuulinda.

Aliporudi alirudi kama mwimbaji wa pop wa miaka ya themanini, na albamu ya *Everlasting* ya 1987 imejaa kinanda cha umeme na mashine za ngoma. "Pink Cadillac", wimbo wa Bruce Springsteen aliougeuza kuwa wa kuchezeka, ulifika nambari tano mwaka 1988. "Miss You Like Crazy" ulimfikisha nambari saba Marekani na nambari mbili Uingereza mwaka 1989. Lakini ndani ya *Everlasting*, katikati ya mashine hizo, kuna wimbo mmoja ambao ungepita bila kuutambua: "When I Fall in Love". Ni wa baba. Aliuimba peke yake, ukiwa umevalishwa nguo za wakati ule, miaka minne kabla ya ule urejeo mkuu unaosemwa ulikuwa wa ghafla. Kwa maoni yangu toleo lile si zuri, ala zake zimezeeka vibaya. Ila kama jaribio lina maana kubwa: alikuwa akiyapima maji, kuona kama watu wangesikia Natalie au wangesikia pengo la Nat.

Wakati huo soko nalo lilikuwa limegeuka. Mwaka 1983 Linda Ronstadt, nyota wa roki, alitoa albamu ya nyimbo za zamani akisindikizwa na okestra ya Nelson Riddle, mpangaji yuleyule aliyeipanga "Unforgettable" ya 1951, na ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1989 Harry Connick Jr. akawafanya vijana wasikilize swingi, jazi ya zama za bendi kubwa. Kizazi kilichokuwa na miaka ishirini wakati wa "This Will Be" sasa kilikuwa kinakaribia arobaini, kina fedha, na kinanunua diski za CD. Na Natalie alikuwa na vibao vya miaka kumi na sita kwa jina lake. Alipoamua kuziimba nyimbo za baba, hakuna ambaye angeweza kusema kwamba hana kingine.

*Unforgettable... with Love* ilitoka Juni 1991 kwa kampuni ya Elektra, ikiwa na nyimbo ishirini na mbili. Watayarishaji walikuwa watatu: Tommy LiPuma, David Foster, na André Fischer, mumewe wa wakati huo na mpiga ngoma wa zamani wa kikundi cha Rufus. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni saba nchini Marekani peke yake.

Wimbo wa mwisho ndio uliovutia macho, na unastahili kuelezwa ulivyotengenezwa kwa sababu watu wengi hudhani ni rekodi ya 1951 iliyoongezewa sauti. Rekodi ile ilikuwa ya mono: sauti ya Nat na okestra vimeganda pamoja, na kwa vifaa vya 1991 visingetenganishwa. Lakini mwaka 1961 Nat aliurudia wimbo huo kwa sterio, kwa ajili ya mkusanyiko wa *The Nat King Cole Story*, na safari hii sauti yake ilinaswa katika njia yake kwenye utepe. Hiyo ndiyo iliyotumika. Mpangaji Johnny Mandel akaandika upya sehemu za okestra, Al Schmitt akiwa miongoni mwa mafundi mitambo waliohakikisha sauti iliyonaswa miaka thelathini nyuma na sauti ya leo zinakaa katika chumba kimoja masikioni mwa msikilizaji.

Ugumu wenyewe uko hapa. Watu wawili wanapoimba pamoja, kila mmoja humsubiri mwenzake, huharakisha kidogo, hushusha sauti kumpisha. Nat hakuweza kumpisha mtu. Alikuwa mwimbaji anayechelewesha neno nyuma ya pigo kwa makusudi, tabia aliyoitoa kwenye piano ya jazi, na uchelewaji huo ulikuwa umekwisha kugandishwa kwenye utepe. Okestra ilibidi imfuate yeye. Natalie ilibidi aingie katika nafasi alizoziacha mtu ambaye hakujua kwamba anaacha nafasi. Usikilize tena kwa kichwa hicho: mahali Natalie anapojibu mstari wa baba, anajibu kwa uchelewaji uleule. Kuna ufundi mwingi wa jazi katika dakika tatu na ushee hizo kuliko wengi wanavyoukubali, nao umefichwa ndani ya wimbo wa pop.

Si wote waliofurahi. Kundi la roki la R.E.M. lilikuwa limeteuliwa katika tuzo zilezile kubwa, na waliotaka Grammy iutambue muziki mpya waliona aibu wimbo wa kizazi cha babu zao kuwashinda vijana. Wana hoja. Wapiga kura wa Grammy walikuwa watu wa tasnia, wengi wa makamo, na rekodi ile iliwapa sababu ya kujipongeza kwa muziki waliokulia nao. Pia kulikuwa na minong'ono kuhusu kumwimbisha marehemu. Siku hizi, ambapo wafu hutumbuiza jukwaani kwa taswira za mwanga na kompyuta huunda sauti zao upya, duo ile inaonekana ya kiungwana: kila neno la Nat ni neno alilolitamka mwenyewe.

Je, ni albamu ya jazi? Grammy yenyewe ilijibu kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mwaka ule ilianzishwa tuzo mpya ya pop ya kimapokeo, na Natalie akaipata. Yaani nyimbo hizi hazikuwa pop ya leo, hazikuhesabiwa kuwa jazi, kwa hiyo zikajengewa chumba chake. Lakini ndani ya albamu hiyo kuna "Route 66" na "Straighten Up and Fly Right", nyimbo za Nat yule wa kwanza na kikundi chake kisicho na ngoma, na kuna "Lush Life" ya Billy Strayhorn, ambayo tuni yake hupanda na kushuka mahali usipopategemea na huwaaibisha waimbaji wasiojua jazi. Natalie haaibiki.

Linganisha na Diana Krall. Mwaka 1996 mpiga piano huyo wa Kanada alitoa albamu ya kukienzi kikundi cha Nat: piano, gitaa, besi. Iliwekwa kwenye rafu ya jazi bila mjadala. Krall alimrithi Nat mpiga piano. Natalie, aliyekuwa damu yake, alimrithi zaidi yule aliyesimama mbele ya fidla. Tofauti ya rafu imetokana na ala kuliko uimbaji. Ukiondoa kila kitu ukabaki na sauti mbili tupu, sina hakika ni ipi ungeiita ya jazi zaidi.

Tuzo ya jazi Natalie aliipata, lakini si kwa nyimbo za baba. Mwaka 1994 alishinda Grammy ya uimbaji bora wa jazi kwa *Take a Look*, albamu ya 1993, na wimbo unaoipa jina ni ule ambao Aretha Franklin aliurekodi akiwa kijana, kabla hajawa malkia wa soul. Binti aliyeitwa mrithi wa Aretha na mrithi wa Nat alitambuliwa na watu wa jazi kupitia wimbo wa Aretha. Ni albamu ninayoiona bora kuliko ile ya 1991, kwa sababu hakuna anayesubiriwa mwishoni. Yuko peke yake, anacheza na mapigo apendavyo.

Baadaye aliirudia njia ya 1991 zaidi ya mara moja. Duo nyingine na baba, safari hii "When I Fall in Love" ileile ya jaribio la 1987, ilipata Grammy mwaka 1997. *Still Unforgettable* ya 2008 ikampatia nyingine mwaka 2009, ya tisa na ya mwisho. Kati ya hizo kuna *Ask a Woman Who Knows* ya 2002, iliyotoka kwa Verve, kampuni ya jazi, na inayosahauliwa bila haki. Mwaka 2008 alitangaza kuwa na homa ya ini aina ya C, matokeo ya sindano za ujanani. Figo zikashindwa, akapandikizwa nyingine Mei 2009. Albamu ya mwisho ilikuwa ya Kihispania, 2013, akifuata nyayo za baba aliyerekodi kwa lugha hiyo mwaka 1958. Alifariki Los Angeles tarehe 31 Desemba 2015, akiwa na umri wa miaka 65.

Anayetaka kujiamulia asianze na duo. Aanze na "Mr. Melody", kisha "Good Morning Heartache" ya albamu hiyohiyo. Aruke hadi "When I Fall in Love" ya 1987, avumilie mashine za ngoma, halafu aweke "Lush Life" ya 1991 na mara baada yake ile aliyoirekodi Nat mwaka 1949. Duo ije baada ya hizo, na amalizie na *Take a Look* yote, kwa sauti ya kutosha kusikia anavyovuta pumzi kabla ya mistari mirefu.